Chupa Isiyo na Namba ya Chumba

Alimwaga. Hakunusa, hakuuliza mara ya pili. Bwana Denis, meneja wa launji ya ghorofa ya juu, alitoa chupa yangu kwenye friji, akafungua kifuniko, akaigeuza juu ya sinki mbele ya macho yangu. Maziwa niliyoyakamua asubuhi ile nimesimama chooni, mguu mmoja ukizuia mlango usio na komeo.

Kabla ya kumwaga tulizungumza kidogo. Nakumbuka kila neno.

"Furaha, hii kitu ni ya nani?"

"Yangu, bosi. Ya mtoto."

"Mbona haina namba ya chumba?"

"Mimi sina chumba, bosi. Mimi nafanya kazi hapa."

"Kumbe unajua," akasema. Akageuza chupa.

Nilikuwa nimeshika trei ya sambusa za wageni wa jioni. Niliiweka mezani taratibu, pembe zikilingana na ukingo wa meza, maana mkono uliozoea kazi haujui kama mwenyewe amekasirika. Halafu nikamwambia maneno ya Bukavu ambayo mama yangu angenipiga kwa kuyajua. Nikavua kibao cha jina kifuani, nikakichomeka katikati ya bakuli la siagi, kikasimama wima: FURAHA. Nikashuka kwa lifti ya wageni, yenye kioo na muziki, na hakuna aliyenizuia.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Msicheke. Nina miaka ishirini na tisa na meno yangu yote, lakini mtu aliyeacha kazi aliyoipenda na harudishwi, mtamwita nani kama si mstaafu? Nawaandikia ninyi mliobaki juu kule, na wale watakaokuja, kwa sababu hakuna anayewaandikia. Vyeo na mishahara nitaviruka. Mnavijua, na havijazi mistari miwili.

Nilianza chini kabisa, chumba cha mashuka. Kama hamjawahi kufika huko, ni kule ambako joto la mashine za kufulia linakukausha koo na huwezi kujua kama nje kuna jua au mvua ya Kampala inayovunja miavuli. Siku ya kwanza nilipewa sare ya mtu mnene aliyeacha kazi. Niliifunga kwa pini nyuma, nikatembea siku nzima ukutaukuta ili mgongo wangu usionekane. Kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu foronya na kukunja taulo ziwe na uso mmoja tu, ukingo usionekane. Msimamizi alikuwa anapita na kidole. Akiona ukingo, anabomoa rundo lote. Nilimchukia mwezi mzima. Siku hizi nikikunja nepi za Neema, mtoto wangu, naficha ukingo.

Launji niliifikia kwa sababu ya mama mmoja wa kitenge.

Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Butembo. Mwanawe aliyefanikiwa alikuwa amemlipia chumba cha juu, pamoja na launji na yote yaliyomo. Sasa mama yule akafika na viatu vya plastiki na mzigo kichwani, na kijana wa mlangoni akadhani ameleta bidhaa. Akamwonyesha lifti ya mizigo. Mama naye akafuata. Mama zetu wakionyeshwa njia na mtu mwenye sare, wanaifuata. Ni sare ngapi tumepishana nazo njiani toka Kongo! Akatokea kwenye jiko dogo nyuma ya launji, akaona wasichana wanamenya viazi, akavuta ndoo, akakaa, akachukua kisu.

Alimenya viazi vingi, jamani. Hakuna aliyemuuliza, kila mmoja akidhani ameletwa na mwingine. Ndipo Haja akaingia.

Haja Zamzam alikuwa mkuu wa wahudumu wa launji, Mnubi wa Bombo, mjukuu wa askari. Alikuwa mrefu na mweusi wa kung'aa, na kilemba chake hakikuwahi kulegea. Akamtazama yule mama, akatazama maganda yaliyokatwa membamba kuliko ya mpishi, akajua hapa kuna kosa. Akamsemesha Kiswahili cha Bombo. Mama akajibu Kiswahili cha Butembo. Wakaelewana nusu. Haja akapiga simu chini: "Nipeni yule mtoto wa Kikongo wa mashuka. Sasa hivi, na anawe mikono."

Nilipanda nikiwa na pini mgongoni. Mama akanieleza kwamba yeye ana chumba, kadi hii hapa mfukoni, lakini kwa kuwa wasichana walikuwa na kazi nyingi aliona aibu kukaa bure. Nikatafsiri. Haja akapiga magoti pale pale, kama wanavyosalimu wanawake wa huku, akasema, "Mwambie mama anisamehe. Mwambie kiti chake kiko upande ule, dirishani."

Mama akacheka. "Mwambie huyu dada, chai ya upande huu ndiyo inanukia. Ya upande ule niletewe hiyo hiyo."

Ilikuwa kweli. Upande wa wageni tulikuwa na vifuko vya chai vya kila rangi na maji ya moto. Nyuma, kwenye sufuria ya wafanyakazi, Haja alichemsha maziwa na tangawizi na majani mpaka ikawa na rangi ya matofali. Tangu siku ile, mgeni wa kwetu akiingia na uso uliochoka, hatukumuuliza anataka kifuko gani. Tulimletea ya nyuma, kwenye birika la fedha. Na tangu siku ile mimi sikurudi kwenye mashuka.

Haja alinifundisha kazi kwa sentensi fupi. Hakupenda maelezo. Nitawapa zile ambazo bado zinanisumbua nikiosha vyombo.

"Usimwambie mgeni hapana. Mwambie wapi." Kuna bwana mmoja alikuja na kadi moja na jamaa saba, akasema wote ni familia, wote wameingia kwa kadi yake. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo. Haja akanipita kama meli. "Karibu ssebo, bwana wangu, karibuni nyote. Kadi hii ina kiti kimoja kizuri hapa. Viti saba viko bustanini, na huko keki wanakata kubwa zaidi." Wakashuka wenyewe wakishukuru. Bwana naye akawafuata. Aliona aibu kula keki ndogo peke yake.

"Jina la mgeni linatajwa mara mbili: akiingia na akitoka. Mara ya tatu unamdai kitu."

"Glasi husuguliwa kwa mvuke, siyo kwa pumzi." Hii niliiona ndogo mpaka nilipoona mgeni anainua glasi kwenye mwanga wa asubuhi, jua likitoka upande wa Mbuya, na alama ya midomo ya mtu aliyeipulizia iko pale kama muhuri.

Mashine ya kahawa ilikuwa na tabia yake. Wageni waliipenda kwa sababu ni ya Italia, sisi tuliifahamu kwa sababu ni ya kiburi. Asubuhi kikombe chake cha kwanza ni cha kumwaga. Cha pili ni cha Haja. Cha tatu ndipo mgeni. Ikigoma, usibonyeze, funika kwa taulo na ungoje, kama kasuku mwenye kelele. Fundi alikuja mara nyingi na sanduku lake, akatoa kikaratasi kirefu cha maneno. Taulo ndilo lililofanya kazi.

Na koleo la kushikia mikate. Hii sijaisema kwa mtu mpaka leo, lakini Haja yuko Bombo anapumzika, na mimi sina cha kupoteza.

Kanuni ilikuwa kwamba chakula cha launji hakitoki mlangoni. Mnaijua, iko ukutani. Sasa alikuja mzee mmoja mtaratibu kutoka kaskazini, shirika lake limemlipia chumba akishughulikia matibabu ya mkewe, aliyelazwa hospitali hapa mjini. Kila asubuhi alikula kidogo, halafu akaweka leso magotini na kufungia mikate miwili midogo, ile laini. Alitazama huku na huku kabla ya kila fundo. Mtu mzima ambaye hajawahi kuiba anaiba vibaya sana. Meneja wa wakati ule alikuwa anazunguka.

Haja akaninong'oneza: "Ukimwona anafunga, angusha koleo."

"Koleo, Haja?"

"La chuma. Sakafuni. Kwa nguvu."

Nikaangusha. Launji nzima ikageuka kunitazama, meneja wa kwanza. Nikainama, nikaomba radhi, nikaonekana mzembe. Nyuma yao mzee akaingiza leso kwenye mkoba. Tulifanya hivyo kila asubuhi. Nilipata jina la msichana wa mikono ya sabuni, na meneja akasema nisibebe vitu vya kioo. Haja hakunitetea hata mara moja. Alinipa kile kikombe chake cha pili cha kahawa, basi.

Asubuhi moja mzee akaweka leso magotini kama kawaida, nami nikaangusha koleo. Watu wakageuka. Nilipoinuka nikakuta mzee ananitazama. Akatikisa kichwa taratibu. Leso ilikuwa tupu. Akachukua ule mkate, akaupasua, akaula mwenyewe pale pale. Ndipo tulipojua mkewe ametangulia. Haja akaenda kukaa naye, jambo ambalo ni marufuku, mhudumu kukaa.

Hiyo ndiyo kazi ninayoililia. Msidhani nalilia zulia.

Haja alipoondoka kwa umri, aliletwa Bwana Denis. Sitasema ni mtu mbaya tangu kuzaliwa. Alikuwa safi mno. Alileta lebo za rangi, kila siku na rangi yake, na kila kitu kwenye friji lazima kiwe na lebo: kilichomo, siku, namba ya chumba kama ni cha mgeni. Nitasema ukweli, ilikuwa kanuni nzuri. Kabla yake mtu alifungua friji akakutana na jibini yenye manyoya.

Na kwenye rafu ya juu ya friji ile tulihifadhi maziwa ya watoto wa wageni. Hili msilisahau. Akina mama waliokuja kwa mikutano walitupa chupa walizokamua, nasi tukabandika lebo, tukaweka, tukapasha kwenye maji ya uvuguvugu wakihitaji, tukapima tone kwenye kifundo cha mkono. Nimepasha maziwa ya mabalozi. Bwana Denis mwenyewe alitufundisha kwamba chupa ya mtoto inashikwa kwa mikono miwili.

Halafu nami nikazaa. Baba Neema anaendesha lori la Juba, yuko barabarani zaidi kuliko nyumbani, kwa hiyo mtoto alibaki na mama yangu Makindye nami nikarudi zamu. Matiti hayajui zamu. Ilipofika saa ya vitafunwa vya jioni blauzi ilikuwa inalowa, nikasimama mbele ya wageni nimekumbatia trei kama ngao. Niliomba mahali pa kukamulia. Nikaambiwa nitumie choo. Niliomba mahali pa kuhifadhi. Nikaambiwa nitaambiwa. Nikangoja kuambiwa mpaka nikachoka, nikachukua lebo ya siku ile, nikaandika kinachohitajika kuandikwa: maziwa ya mama, siku, na mahali pa namba ya chumba nikaandika jina langu. Nikaweka rafu ya juu, nyuma, pembeni.

Yaliyobaki nimeshawaambia. Mtoto alilala na uji siku ile.

Hasira ilinibeba wiki nzima. Ilipopoa, nikakuta chini yake kuna kitu kibaya zaidi. Nilianza kuamka kabla ya alfajiri bila sababu. Nilisikia vikombe. Nilitandika meza ya mama yangu, kitambaa, uma kushoto, kisu kulia, mpaka akanifokea: "Mwanangu, huku tunakula kwa mkono. Toa huo uma kabla haujanichoma." Nikiwa sokoni nilimtaja muuza nyanya jina akiniona, na jina nikiondoka. Akafikiri nataka mkopo.

Niliitamani ile saa moja kabla mlango haujafunguliwa. Launji tupu, viti vimenyooka, kaloli, wale korongo wakubwa wa jalalani, wamesimama juu ya paa la jirani na mashingo yao ya mapadri waliokosana. Upande wa Lubaga kanisa linaanza kupata rangi. Unawasha taa za mezani moja moja, unafunika mashine kwa taulo, unangoja. Unajua vitu vyote viko mahali pake na wewe ndiye uliyeviweka. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne tu, hakuna mahali pengine duniani ambapo niliingia asubuhi nikijua kila kitu.

Kwa hiyo nikaomba kurudi. Ndiyo, mimi wa siagi. Niliandika kwa ofisi ya wafanyakazi: nisameheni ulimi, nirudisheni launji, nipeni mahali pa kukamua na rafu kwenye friji. Kimya. Nikaandika tena. Kimya. Nikaenda mwenyewe kwenye geti la nyuma. Askari, ambaye ameninyang'anya miavuli na kunirudishia kwa miaka, akasema, "Nyabo, mama yangu, barua yako imefika. Hapa barua za wafanyakazi zinafika vizuri sana. Kutoka ndiyo shida."

Siku ya kunikamilishia mambo yangu, msichana wa ofisi alinipa bahasha. Mnaijua desturi yetu: aliyemaliza miaka mitano bila barua ya onyo, akiondoka anapewa usiku mmoja hotelini na launji juu yake, yeye na mtu mmoja. Sisi tunaita kulala juu. Mimi nilikuwa na miaka zaidi ya hiyo, na barua ya onyo sikuwa nayo. Nilitoka haraka kuliko kalamu ya Bwana Denis. Msichana akafuata desturi, akapiga muhuri, "Hongera, dada."

Na mnajua desturi ya pili: wote waliolala juu wameandika kadi ya maoni ileile. Chakula kizuri, wahudumu wazuri, Mungu awabariki. Mpagazi wetu mmoja alibeba mizigo maisha yake yote, mgongo umepinda, akalala juu, akaandika "kitanda laini, asanteni." Tunapewa kalamu ya mgeni tunaandika kama watumishi. Hilo ndilo kosa letu, letu wenyewe, kwa sababu tunaijua kadi ile kuliko mgeni yeyote. Tunajua kwamba malalamiko ya mgeni wa launji yanasomwa kesho yake asubuhi mbele ya wakuu wote, wamesimama, na Meneja Mkuu haruhusu mgeni arudishe kadi ya mlango kabla hajajibiwa. Nimeona mkutano mzima ukijadili yai lililoiva mno.

Nilikaa na bahasha ile kifuani usiku. Halafu nikamwambia mama, "Vaa kitenge kizuri. Tunaenda kulala hotelini."

Tuliingia kwa mlango wa mbele, Neema mgongoni mwangu. Chumba kilikuwa na taulo. Nikatafuta ukingo, sikuuona, nikafurahi kama mjinga. Mama akakalia kitanda kwa ncha ya makalio asikiharibu.

Kwenye launji aliyetupokea ni Akello, mliyekuwa mkimwona nyuma yangu siku zote, msichana wa Lira niliyemfundisha mashine. Alinyoosha uso.

"Karibu, Madam Furaha."

"Asante, Akello."

"Ungependa chai ya aina gani, madam?"

"Wewe! Ya nyuma."

Ikabidi ageuke ukutani asicheke. Mama akaonja ile chai iliyokuja kwenye birika la fedha. "Hii ndiyo ofisi yako?" akauliza. Akatazama dirisha lote, mji wote, milima yetu yote mpaka Makindye ambako nguo zetu zilikuwa kwenye kamba. "Na ulichomeka jina lako kwenye siagi," akasema. "Bambi, pole mtoto wangu."

Sikulia. Niliinuka kunyoosha kijiko kilichopinda kwenye meza ya jirani.

Kisha nikaenda chumbani, kwenye kiti, mlango umefungwa kwa ufunguo, nikakamua. Sikuwa na haja, Neema alikuwa ameshiba na amelala. Nilikamua kwa makusudi. Nikarudi na ile chupa, ile ile, nikampa Akello.

"Niwekee kwenye friji."

Akaishika kwa mikono miwili, kwa mafunzo. Akachukua lebo. Kalamu ikasimama hewani. "Namba ya chumba, madam?"

"Mia saba kumi na nne."

Akaandika. Ndipo nilipoona jinsi eproni yake ilivyofungwa juu, karibu na kifua. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Mwezi wa ngapi?"

"Nyamaza, dada. Bado inafunga."

"Na ukizaa?"

"Nitafanya kama wewe."

"Kama mimi nini? Mimi niko nyumbani."

Akaiweka chupa kwenye friji haraka, kwa sababu Bwana Denis alikuwa ameingia. Akatuona, akaweka tabasamu, jina langu akalitaja vizuri, mara moja. Halafu akafanya ukaguzi wake wa jioni. Akafungua friji. Akaona chupa. Akaitoa, akasoma lebo, akasoma namba. Mimi nilikuwa nimekaa mbali kidogo tu, nikamwona vizuri. Aliirudisha kwa mikono miwili, akaigeuza kidogo, lebo itazame mbele.

Wenzangu, sinki niliivumilia kuliko hilo.

Nikamwita Akello. "Niletee kadi ya maoni."

Akaileta na kalamu nzito ya hoteli. "Andika vizuri, dada."

"Nitaandika vizuri."

Nikaandika kwa Kiswahili. Kadi inasema andika kwa lugha yoyote. Meneja Mkuu ni Mkenya wa Nakuru, hahitaji Bwana Denis amtafsirie na kumpunguzia. Na hapa Kampala Kiswahili kimekaa sana kambini na polisi, watu wakikisikia wananyoosha mgongo. Hiki hapa nilichoandika, chote, na nimempa Meneja Mkuu mkononi alipopita kusalimia wageni, siyo kwenye kisanduku:

*Kwa Meneja Mkuu,*

*Mimi Furaha, mgeni wa chumba 714, naleta malalamiko rasmi.*

*Leo jioni nimekabidhi chupa ya maziwa yangu, niliyoyakamua kwa ajili ya mtoto wangu. Imepokewa, imebandikwa lebo, imewekwa rafu ya juu. Meneja wa launji ameikagua na kuirudisha salama. Katika hilo sina lawama.*

*Nalalamika kwamba chupa hii hii, yenye maziwa ya titi hili hili, niliiweka kwenye friji hii hii nilipokuwa mhudumu wenu, ikiwa na lebo ya siku, na meneja huyu huyu akaimwaga kwenye sinki. Sababu aliyotoa ni kwamba haikuwa na namba ya chumba. Naomba hoteli inieleze kwa maandishi maziwa yalikuwa na ubaya gani siku ile ambao leo hayana.*

*Nalalamika kwamba kabla ya hapo niliomba mahali pa kukamulia nikaelekezwa chooni, choo kisicho na komeo. Nikaandika kwa ofisi ya wafanyakazi mara mbili, sikujibiwa. Leo nimeandika kama mgeni kwa sababu najua mgeni hujibiwa.*

*Naomba haya. Chumba kimoja cha wafanyakazi kiwe na komeo na kiti. Rafu moja ya friji iandikwe kwamba ni ya mama yeyote, wa mbele au wa nyuma. Wahudumu wa kike waambiwe hivyo kabla hawajazaa, siyo baada.*

*La mwisho. Naomba kazi yangu ya launji. Maneno niliyosema siku ile nayaombea radhi, yalikuwa makali kuliko mahali. Kwamba nilikasirika, siombi radhi.*

*Kadi ya mlango sijairudisha na sitairudisha kabla ya jibu, kama mgeni mwingine yeyote. Jibu asipewe Bwana Denis aniletee. Uniletee wewe mwenyewe. Nitakuwa hapa launji, kiti cha dirishani, namnyonyesha mtoto.*